Danaus ni wa Ukoo Gani?

1.

(Kipande hiki kimeondolewa kwa amri ya Bi Mwantumu. Amesema mwanzo wa mambo ya mjukuu wake si wa kuandikwa na kila mtu.)

2.

Mtoto akilia bila ugonjwa, analilia jina. Huku Usambara nani asiyejua? Unamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Atakayemnyamazisha ndiye aliyerudi. Bi Mwantumu alimtaka mama yake mwenyewe, Mashavu, aliyekufa bila kuacha hata picha. Akamtaja wa kwanza.

Mtoto akalia.

Akamtaja tena, kwa kubembeleza.

Akalia zaidi.

3.

TANGAZO
KIKUNDI CHA WAFUGAJI WA VIPEPEO

Wanachama wanakumbushwa kuwa wanunuzi wa ng'ambo hawamjui "yule mwekundu wa migombani". Kila kipepeo atajwe kwa jina lake la Kilatini. Atakayekaidi

(hapo mbuzi alikula)

4.

Ndiyo maana Shemweta, mkwe wa Bi Mwantumu, alisimama bandani akijifunza kwa sauti juu ya kilio cha mtoto: Papilio, Charaxes, Danaus

Kimya.

Mwanawe, mgongoni mwa mama yake, alikuwa akitabasamu. Wakajaribu upya. Mashavu? Kilio. Danaus?

Kimya.

5.

Bombani:

— Huyo Danaus ni wa ukoo gani?

— Upande wa baba. Wale hawakosi mambo.

6.

Shemweta akampigia simu mtaalamu wa vipepeo mjini. Akaambiwa jina limeandikwa Kilatini, lakini mwenyewe ni Mgiriki, mfalme wa hadithini, baba wa mabinti hamsini. Bi Mwantumu akalainika. Mahari ya mabinti hamsini si mchezo. Kisha akasikia kwamba wote, isipokuwa mmoja, waliwaua waume zao usiku wa harusi, kwa amri ya baba.

Wewe msomaji, ungempa mjukuu wako wa kike jina hilo? Yeye aliapa halitapita kinywani mwake.

7.

Alhamisi wazazi wakapeleka vipepeo kikundini, bibi akaachiwa mtoto. Akaimba. Akamwonyesha kuku. Kilio kikazidi.

"Mama," akasema, "kama ni wewe, nijibu."

Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Bi Mwantumu akaona kama anamzika mama yake mara ya pili, na safari hii bila hata watu wa kumshika mkono.

8.

Akachungulia nje. Hapakuwa na mtu.

"Danaus."

Mtoto akanyamaza, akamkamata kidole.

Sasa akalia bibi, na hapakuwa na wa kumtajia jina.