Paka wa Nyuma ya Pazia

Ukiingia kwetu unakutana kwanza na cherehani ya mume wangu, meza ya kukatia vitambaa na kioo cha wateja kujitazamia. Halafu kuna pazia la kijani, na nyuma yake ndipo tunapoishi: kitanda, godoro la watoto, jiko, ndoo za maji na mimi. Sheria ni moja. Mteja akiwa ndani, nyuma ya pazia hakuna mtu. Watoto wetu walijua kunyamaza kabla ya kujua kutembea.

Jioni huwa nakwenda darasani na watu wazima wenzangu. Niliacha shule nikiwa mdogo, na siku nilipopata nafasi ya kurudi nilipiga magoti nikashukuru, maana umri wangu si wa kuchezea bahati. Muhula huu Mwalimu alitufundisha mandhari.

"Watu wawili wakigombana," alituuliza, "watagombana sawasawa jikoni kwao na kwenye foleni ya hospitali?"

"Mimi na mke wangu hatuchagui pa kugombania, Mwalimu," alijibu mchukuzi mmoja wa mizigo, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Hata kwenye foleni?"

Redio alifikiri. "Kwenye foleni ananifinya tu."

"Basi foleni imeshafanya kazi yake. Imemnyima mdomo, ikampa kucha. Mnapoandika jiulizeni: mahali hapa panamruhusu nani kusema, na panamnyamazisha nani?"

Swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Nikaandika igizo fupi. Fundi yuko na mteja. Nyuma ya pazia mtoto mwenye homa anakohoa, mama amemziba mdomo kwa kiganja. Mteja anauliza, "Kuna nani huko?" Fundi anajibu, "Paka."

Hilo sikulibuni. Lilitokea kwetu, na kitinda mimba wetu alinitazama juu ya kiganja changu kama anayeuliza kama ni kweli.

Darasa lilichagua igizo langu lichezwe mwisho wa muhula mbele ya jamaa na majirani, mimi niwe mama, Redio awe fundi. Nilimsomea mume wangu. Aliposikia paka, aliacha kukanyaga cherehani.

"Mama Watoto, unataka kunivua nguo mbele za watu?"

"Jina sijataja."

"Pazia umelitaja! Wateja wanajua nina nyumba mahali pengine. Weka sebule. Weka makochi, watu wanywe chai. Sebule ya kwenye karatasi inakupunguzia nini?"

"Na mtoto?"

"Akohoe chumbani kwake, kama watoto wa watu."

Mume ni mume, na amani ya nyumba haiuzwi dukani. Nikaandika upya. Tuliazima makochi ya ofisi ya shule, tukayabeba hadi ukumbini, tukajaribu. Redio alikaa kwenye kochi, akakunja nne, kisha akauliza, "Sasa paka wa nini? Nina vyumba tele. Si niseme tu mtoto anaumwa?"

Nilijaribu kumpitisha mama na sinia ili asikie. Nilijaribu kumleta mgeni mkubwa zaidi. Haikusaidia. Baba wa kwenye kochi alitoka mtu mbaya tu, asiye na sababu, na mama anayenyamaza sebuleni alionekana mjinga. Mbele ya pazia, yule baba alikuwa mwoga wa kupoteza wateja, na woga wake ulikuwa na haki. Nyuma ya pazia, ukimya wa mama ulikuwa chakula cha watoto.

Nilimweleza mume wangu hivyo. "Sebuleni watakuchukia. Mbele ya pazia wataweza kukuelewa."

"Nani kakwambia nataka kueleweka? Ukiliweka hilo pazia, darasa ndiyo basi tena."

Nikaomba. Sikuomba ubishi, Mungu anajua nimejaliwa wa kutosha. Niliomba nionyeshwe kama kung'ang'ania pazia ni kiburi. Nikiwa bado magotini kando ya ndoo, mteja aliingia, na midomo yangu ikajifunga katikati ya sala. Nilishtuka. Kumbe hata Mungu nilikuwa namkatishia mazungumzo kwa ajili ya suruali ya mtu! Nikamalizia sala kwa sauti. Upande wa pili mume wangu alianza kukohoa kwa nguvu anifunike. Nikatoa amina ya kusikika barabarani.

Siku ya igizo makochi yalirudi ofisini. Tulifunga kamba kutoka mbele hadi nyuma ya jukwaa, tukatundika shuka, ili watu waone pande zote mbili. Kitinda mimba, aliyekwisha kupona, alicheza nafasi yake mwenyewe, akakohoa kwa bidii kuliko alipougua. Mume wangu alikuja, lakini alisimama mlangoni.

"Paka," alisema Redio.

Watu walicheka. Kisha waliponiona nimemziba mtoto mdomo, vicheko vikaisha kimoja kimoja. Nilikuwa nimeandika kwamba mama anabaki kimya mpaka mwisho. Lakini mwanangu alinitazama tena kwa macho yale yale, na mkono wangu ukaliendea shuka wenyewe. Nikalivuta.

"Mama Watoto!" sauti ilitoka mlangoni. "Funga hilo pazia!"

Watu waligeuka wakapiga makofi, wakidhani naye ni mchezaji. Nilimjibu aliyeniita.

"Silifungi. Huyu ni mtoto, na mimi ni mama yake, na tunaishi hapa. Suruali ya watu itakuwa tayari, na mtoto atakohoa."

"Wewe mwanamke, nimesema funga!"

"Njoo ulifunge mwenyewe."

"Mwacheni aseme!" mama mmoja alipiga kelele kutoka viti vya nyuma.

Mume wangu hakuja. Aliondoka kabla hatujamaliza, na siku kadhaa hatukusemeshana ila kwa mambo ya chumvi na mkaa.

Muhula mpya ulipofunguliwa, nilichukua mkoba wangu. Mbele, alikuwa anampima mteja kiuno. Zamani ningesubiri mteja aondoke, hata kama somo lingeanza bila mimi. Nilitoka nikapita kati ya kioo na meza.

"Habari za jioni," nilimwambia mteja. "Mimi ndiye mkewe. Baba Watoto, chakula kiko jikoni, na mdogo bado hajaoga."

Futi ya kupimia ilimning'inia mkononi. "Mimi nilisema nini kuhusu darasa?"

"Nilikusikia."

"Kumbe fundi unaishi hapa hapa na familia?" mteja aliuliza.

Sikungoja kusikia atajibiwa nini. Nilikuwa nachelewa.