Siku Dina Alipoweka Jembe Chini

Watu wa kwao Kefa hawaulizani habari za mvua. Waulizane ya nini, na mgomba umesimama nyuma ya nyumba mwaka mzima? Jumapili unakua, Jumatatu unakua, mwenyewe akilala unakua. Huko Buddu, Uganda, mtu akiona njaa huchukua panga, hukata mkungu, basi. Nalisema hili mapema ili usije ukamwonea kijana wa watu. Hata hivyo mimi mwenyewe, kila nikikumbuka alichokifanya huko Kintinku, Ugogo, hamu ya kumtetea hunitoka.

Alifika mwezi wa nane mwaka wa arobaini na tisa, misheni ilipokosa mwalimu ikaomba mtu kutoka Uganda. Alipanda meli, akapanda treni, akashuka stesheni ya Kintinku na sanduku la vitabu na viatu vyeusi vinavyong'aa. Vumbi la Ugogo lilivimaliza viatu hivyo kabla hajafika kanisani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku za kazi alifundisha watoto kusoma humo humo kanisani, na Jumapili aliwaongoza watu katika ibada, maana mchungaji alipita mara moja kwa miezi miwili. Alipojaribu kusalimia "mbukwa" kama wenyeji, wanawake kisimani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Chakula chake kilitoka kwa Dina. Huyu alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, amebatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, na nyumba yake ya tembe ilikuwa hatua chache kutoka kanisani. Watoto aliowazaa alikuwa amewazika wote. Alichokuwa nacho ni ugali wa uwele na mlenda, na mwezi wa kwanza Kefa aliumeza mlenda ule wa kuteleza amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Dina aliona, akacheka kimoyomoyo, akawa anamtafutia yai kwa majirani. Alimwita mwanangu mwalimu. Nyimbo za kanisani yeye ndiye aliyekuwa akizianzisha, na siku asipokuwepo Wakristo wa Kintinku walikuwa wakiguna tu.

Sasa sikiliza habari za shamba, maana ndizo zenyewe. Mwaka uliotangulia watu hawakuvuna kitu. Walikula mahindi ya serikali, na yalipokwisha wengine walichimba mizizi porini. Mbegu ya Dina ilikuwa kibuyu kimoja cha uwele kilichoning'inizwa juu ya moshi wa mafiga, na kibuyu cha namna hiyo hakishushwi hata njaa iwe imelala mlangoni. Tena kupanda kwa pale si kazi ya mtu mmoja. Udongo ule ukinyeshewa hulainika siku moja, ukibahatika siku mbili. Jua likiupiga, unarudi kuwa tofali. Ndiyo maana majirani hulima kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, na mwenye shamba huwapikia pombe. Anayeikataa siku yake, zamu yake inakwenda mwisho, nyuma ya wote, wala hana wa kumlaumu.

Mwaka ule mzee Chibago, ambaye ndiye aliyepanga zamu, alisema waanze na Dina. Hana mume, hana mtoto, akitangulia yeye angalau atavuna. Hata wenye ng'ombe wengi hawakupinga. Dina alilia kwa furaha mbele za watu. Jumatano mawingu yaliposimama upande wa Bahi, akatoa uwele wake wa kula, ule wa mwisho mwisho, akapika pombe ya wakulima wake.

Kefa naye siku hizo mwili ulikuwa Kintinku, roho ilikuwa Buddu. Krismasi inakaribia, na hapa hakuna hata dalili! Kwao mama yake angekuwa amekwisha kuchagua mkungu wa kuvundika katika majani, na jogoo wa sikukuu amefungwa kamba. Ngoma ya kanisa ingewaita watu tangu alfajiri, njia yote nyeupe kwa kanzu, na baba yake, mzee Nathanaeli, angekaa benchi la mbele kifua kimetuna. Hapa aliwauliza wanafunzi tarehe ishirini na tano kuna nini, wakamjibu kwamba mvua ikinyesha, kuna kupanda. Alitafuta majani ya kupamba mlango wa kanisa akapata miiba. Akaitundika hivyo hivyo. Karibu Wakristo wote walikuwa wamehama na ng'ombe kufuata malisho. Akihesabu watakaokuja anapata karani wa stesheni na mkewe, mzee mmoja asiyesikia, na Dina. Mchana mmoja alikwenda nyuma ya kanisa akalia, na simcheki kwa hilo. Ugeni ni mzigo, usiombe.

Jumamosi, mkesha wa Krismasi, saa tisa mchana, mvua ikashuka. Si manyunyu, mvua. Wanawake wakatoka nje wakajiachia walowe mpaka mifupani, na watoto wakagaagaa kwenye matope. Ilipokatika, mzee Chibago alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kesho jua lisimkute mtu kitandani, majembe yote kwa Dina.

Jioni Dina akamletea Kefa chakula. Nguo zilikuwa bado mbichi mwilini, na alicheka peke yake kama msichana. Kisha akakaa kizingitini, kicheko kikamwisha.

"Mwanangu mwalimu," akasema, "kesho ni Jumapili, tena ni Krismasi. Nikilima, nitakuwa nimemkosea Mungu?"

Kefa alilijua jibu. Mwezi wa kumi yeye mwenyewe alikuwa amewasomea habari ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato, na akawaeleza kwamba Bwana hakatazi kumtoa. Jibu lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nyuma ya jibu aliyaona mabenchi matupu, akasikia wimbo wa Krismasi ukigunwa na karani na mkewe, na yeye amesimama mbele yao kama mfiwa. Akaona pia barua atakayoiandikia nyumbani, haina cha kusema. Akalimeza jibu.

"Mama, ni siku moja tu katika mwaka," akasema. "Mungu ataona."

"Na zamu yangu je?"

"Mungu ataona, mama."

Dina aliutazama uwanja uliokuwa bado unameremeta maji. "Basi," akasema, "kama ataona."

Haya! Wapo watakaosema kijana hakusema uongo. Ni kweli, hakusema. Lakini mtu akikuuliza njia, nawe unaijua, ukamwonyesha nyingine kwa kuwa unataka mwenzi wa kutembea naye, hiyo nayo tuiiteje?

Asubuhi walikuja watu zaidi ya ishirini, majembe begani. Wakamkuta Dina amesimama mlangoni kwake amejifunga kanga safi. Chibago alidhani anaumwa. Dina akamwambia ni mzima, ila leo anakwenda kanisani, na kwamba anajua maana ya kuikataa siku. Akawatolea vibuyu vya pombe waende navyo, kwa sababu pombe ile isingengoja. Chibago hakugomba. Aliliangalia jua, akamwangalia Kefa aliyesimama penye mlango wa kanisa na viatu vyake vilivyopigwa rangi upya, akamwendea.

"Mwalimu," akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi mitano na hatujakupa. Leo umemnyang'anya mwenyeji la kwake."

Wakaenda kwenye shamba la Chibago mwenyewe, aliyekuwa wa pili kwa zamu. Kanisani walikuwa watu watano. Dina aliimba siku ile! Aliimba mpaka mzee asiyesikia akainua kichwa. Lakini kutoka shambani wimbo wa majembe ulikuja kwa sauti za watu ishirini, na mara mbili uliufunika wimbo wa kanisani wasijue wamefika ubeti gani. Kefa hakujali. Alikuwa na furaha, Mungu amsamehe; kwa saa moja na nusu alikuwa nyumbani. Mchana akakaa akaandika barua ndefu, akawaeleza jinsi mama mmoja Mgogo, mjane, aliyebatizwa juzi tu, alivyoweka jembe chini kwa heshima ya Bwana huku majirani wote wakipanda. Hakuandika nani alimwambia aliweke.

Jumatatu jua lilitoka na hasira zake zote. Dina alikwenda shambani peke yake, wenzake wako kwenye zamu za watu. Jumanne Kefa akamfuata na jembe la kuazima. Mikono ya kushika chaki! Kabla ya saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka, na mashimo aliyochimba ilimbidi Dina ayarudie. Watoto walikaa pembeni wakitazama. Dina alimaliza kibuyu chote cha mbegu kwa siku tano, kila siku udongo ukiwa mgumu kuliko jana. Mvua nyingine haikuonekana mpaka Januari inakwisha. Uwele wa Chibago, uliozikwa katika tope siku ya Krismasi, ulikuwa umeshika mizizi ukavumilia. Wa Dina ulichomoza mwembamba kama nyuzi, ukaungua. Zamu yake ilipofika, baada ya wote na kabla ya mvua hiyo, majirani walikuja kama ilivyo ada, majembe begani. Wakasimama. Mbegu haikuwepo tena, na jembe likipigwa chini linaruka. Chibago akamwambia Kefa, bila kumwangalia, kwamba jembe la mgeni limechelewa kutolewa.

Waliomuuliza Dina kilichomfanya aikatae siku yake aliwajibu kwamba aliamua mwenyewe, hakushauriwa na mtu. Chibago alijua si kweli, naye hakumkanusha. Hilo ndilo linalonichoma mimi. Angemtaja Kefa, wangemtukana wakamaliza, naye Kefa angepata pa kuombea radhi. Alimfichia aibu yake, na Kefa akakubali kufichiwa.

Msimu wa mavuno Dina alivuna, ndiyo, katika mashamba ya watu. Alikata masuke kutwa nzima akalipwa kikapu. Na kila jioni ugali wa Kefa ulifika, umefunikwa vizuri, na mlenda pembeni. Kefa alimwomba mara mbili aache, atajipikia mwenyewe. Dina alimkaripia kwamba hajafikia kumlaza mgeni njaa, na kama mvua imemkosea yeye, mwalimu ana kosa gani? Alimuuliza hivyo akimtazama machoni. Kefa aliinamisha kichwa akala. Siku hizo alikuwa akimeza mlenda macho wazi.

Mwezi wa sita treni ilileta barua ya mzee Nathanaeli. Kijana wake amewapa heshima kubwa, aliandika. Barua ya Krismasi imesomwa kanisani, wanawake wamepiga vigelegele, na mchungaji wao ametoa mahubiri juu ya yule mama Mgogo. Sasa watu wanamsumbua kila Jumapili wakitaka kujua jinsi Mungu alivyomjazia ghala yake. Amwandikie upesi, wataisoma Krismasi ijayo mbele ya watu wote.

Kefa alikuwa ameishika barua hiyo Dina alipoingia na chakula. Akamuuliza kama nyumbani hawajambo. Labda kama asingeuliza kwa upole namna ile, kijana angeikunja akaitia mfukoni. Alimsomea yote kwa Kiswahili, tangu vigelegele mpaka ghala. Dina alisikiliza amesimama, kisha akaweka sahani mezani taratibu.

"Waandikie hivi," akasema. "Dina aliliweka jembe chini, na Mungu hakuliokota."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza alipoliweka shoka. Kisha akaongeza kwamba amsalimie sana mama yake, akainua kikapu chake mlangoni, maana kwa Chibago walikuwa wanapura na walimngoja.

Kefa alichukua kalamu akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Akayatazama maneno yale. Alimwona baba yake akiifungua barua mbele ya kanisa zima, benchi la mbele, kanzu imepigwa pasi. Aliichana karatasi vipande vinne, akachukua nyingine, akaandika kwamba mama Dina amevuna magunia kumi, ghala imejaa mpaka mlangoni, na kwamba anawasalimu wote. Akatia sahihi.

Halafu akavuta sahani. Uwele ule ulikuwa wa shamba la Chibago, uliopandwa asubuhi ya Krismasi na kulipwa kwa kikapu. Aliula wote, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa hajala kitu.