Mzee Pua

"Hili si la chakula," alisema Kibonge, akirudisha kichwa nyuma kama aliyezabwa kofi. "Mzee Pua, njoo unuse tena."

Mzee Pua aliliinamia pipa la bluu, akaweka pua kwenye tundu la kizibo, akavuta pumzi ndefu. Hakusikia harufu yoyote. Akavuta tena hadi kifua kikambana. Hola. Lakini macho yalianza kumchonyota, na chozi likamdondoka juu ya tiki ya chaki aliyoichora mwenyewe.

"Dawa ya wadudu," Kibonge alinong'ona. "Na wewe umelipeleka kwenye mafuta ya kula."

Karakana ile ilipokea mapipa makuukuu kutoka viwandani. Wengine waliyaosha kwa maji ya moto na minyororo ya kusugua ndani, wengine, kama Kibonge, waliyanyoosha mabonde kwa nyundo, wengine waliyapaka rangi, yakauzwa upya. Kazi ya Mzee Pua ilikuwa getini: kufungua kizibo, kunusa, kuamua. Yaliyobeba vitu vya kuliwa huku, yaliyobeba sumu kule. Karatasi za ubavuni hubanduka, au hudanganya. Pua yake haikuwahi kudanganya. Jina hilo lilimganda hata mkewe akawa anamwita hivyo, na jioni alipomfungulia mlango alimnusa ukosi kwanza. "Leo umeshinda na gundi. Kaoge, mume wangu, usinigande." Kisha wakacheka, naye akaenda kuoga.

Sasa mkewe alikuwa kaburini, na msiba haujapoa.

"Nenda kwa msimamizi mwenyewe," Kibonge alisema bila kumtazama. "Usinifanye niende mimi."

Alikwenda. Msimamizi alimsikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, kama yeye ndiye aliyeitwa.

"Tangu lini, mzee?"

Mzee Pua alirudi nyuma kimawazo. Tangu mazishi chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Binti yake alipomwekea sahani, alikuwa akisema hana hamu, na majirani wakasema ni majonzi, yatapita. Naye aliamini. Aliona ni haki kabisa dunia ikose ladha wakati mama watoto hayupo. Kumbe huenda ni yale mapipa, miaka yote ile, yalikuwa yakimla pua kidogo kidogo. Au vyote viwili. Hakujua majonzi yaliishia wapi na ugonjwa ukaanzia wapi.

"Sijui," alijibu. "Wallahi, sijui."

Mstari mzima wa mapipa yenye tiki ukarudishwa getini. Msimamizi akashika simu kuwatafuta walionunua siku za karibuni, na Mzee Pua akakaa juu ya tairi bovu, mikono mapajani, akisubiri kusikia kama ameua mtu. Wanaume aliowafundisha kazi walipita wakinusa tundu moja baada ya jingine. Hakuna aliyemtania. Hilo lilimuuma kuliko matusi.

Jioni Kibonge alimjia, jasho likimchuruzika. "Waliyonunua bado hayajajazwa. Yanarudi yote. Pumua, mzee."

Akapumua.

"Msimamizi anasema kesho uende kwenye rangi."

"Sawa."

"Rangi si mbaya. Utachagua hata brashi."

"Nimesema sawa, Kibonge."

Nyumbani alimkuta binti yake chumbani, amekaa sakafuni katikati ya nguo za mama yake. Walikubaliana waanze kuzigawa, ila hakuna aliyetaka kuanza. Binti alikuwa amelikumbatia sweta la kijivu, uso umezama ndani.

"Baba, pole na kazi. Njoo." Sauti ilikuwa nzito kwa kilio. "Hili sikulifua. Bado lina harufu yake. Nusa."

Akapokea. Akalifunika usoni, akavuta pumzi kama alivyovuta pale kwenye pipa. Sufu ilimkwaruza mashavu. Alihisi kifungo kimoja cha baridi kwenye mdomo. Basi.

"Umemsikia?" binti aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alishusha sweta, akaketi sakafuni taratibu, akiegemea kitanda.

"Pua yangu imekufa, mwanangu. Sisikii chochote."

Binti alimkodolea macho, akayatazama yale mavazi yote, akaelewa. Alijisogeza hadi bega likagusa bega.

"Basi nisaidie," baba akamwambia, akimrudishia sweta. "Niambie linanukia nini. Usiruke kitu."

Binti akafumba macho, akainamisha uso.

"Sabuni," akaanza. "Ile ya mche. Halafu moshi kidogo, wa jikoni. Mafuta ya nazi, hapa shingoni..." Akavuta tena. "Na kuna kitu kingine, baba. Ngoja. Ngoja kidogo."

Naye akangoja, kichwa ameinamisha upande wake.