Ufunguo Mikononi mwa Mtani

Msiba wa Kinyamwezi bila mtani ni kama ugali bila mboga: utashiba, lakini hutasema umekula. Ndiyo maana Mzee Pazi alipoingia uani kwetu Ipole asubuhi ile, amevaa koti la marehemu na kuchechemea vilevile marehemu alivyochechemea, hakuna aliyeshtuka. Sisi wanawake wa jikoni tulifuta machozi, tukacheka. Marehemu alikuwa baba yangu mkubwa, Mzee Ngassa. Pazi ni Mzaramo wa Kisarawe, dereva wa malori ya tumbaku aliyestaafu akabaki huku huku, na Wazaramo na sisi tunataniana tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani. Msibani mtani ana ruhusa yake. Atamsema maiti, atajilaza kitandani kwake, na atachukua kitu cha thamani kuliko vyote pale nyumbani akakifiche, mpaka wafiwa waende kukikomboa kwa jogoo na maneno makali.

Siku ile kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa gari la Masolwa.

Masolwa ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Alizaliwa Ndola, Zambia, baba yake alipokuwa migodini. Wazazi waliporudi nyumbani na mdogo wake, Julieth, yeye alibaki kule kule. Alipopata habari za msiba alikodi gari jeupe, jipya, akavuka nalo mpaka wa Tunduma, akapita Mpanda hadi kwetu. Kabla hajakaa vizuri akaanza kutusomea masharti.

"Kadi ya njano ya kuvukia mpaka inamlipia nitakayemgonga, basi," alisema. "Gari lenyewe lina bima kubwa ya kampuni, lakini dereva ni mimi peke yangu. Nikimpa mtu mwingine aendeshe, bima hakuna. Likiibwa nisitoe taarifa polisi papo hapo, bima hakuna."

"Na ukipiga chafya, kaka?" nilimuuliza.

Hakucheka. Alisema likipata neno bila bima, nyumba aliyojenga kwa jasho la ujana wake ndiyo itakayokwenda kulipa. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hafai kuachiwa watani, lakini nani angefikiria? Mnyamwezi gani asiyejua utani? Sote tulidhani mambo hayo mtu anazaliwa nayo.

Basi Pazi akaokota ufunguo mezani, akaliondoa gari taratibu, akalificha nyuma ya bani la jirani la kukaushia tumbaku. Masolwa alikuwa makaburini na wachimbaji. Aliporudi alikuta alama za matairi. Akauliza, watu wakacheka. Akauliza tena, mjomba mmoja akamwambia, "Nenda ukakomboe, bwana. Waliochukua wanakungoja." Hebu jiweke mahali pake: uko ugenini, gari si lako, limechukuliwa, ukoo mzima unakuchekea na unaambiwa ukatoe kikombozi. Akapanda bodaboda, akaenda kituo cha polisi.

Hatukumwona akiondoka, maana wakati huohuo Julieth alianza kutoka damu.

Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa amekaa mkekani na wafiwa wenzake, mara akashika kiuno, na aliposimama khanga yake ilikuwa imelowa. Muuguzi wa zahanati alikuja mbio, akamgusa tumbo, kisha akanivuta pembeni.

"Hili si la hapa," alisema. "Apelekwe hospitali ya Sikonge akapasuliwe, na aende sasa hivi. Tukichelewa tutawapoteza wote wawili."

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mtu mwingine Tabora. Basi la kutoka Mpanda lilikuwa bado. Nikawa nazunguka uani sijui nifanye nini, mpaka Pazi aliponishika bega. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Gari lipo, Shukrani. Ninalo mimi."

Nikampigia Masolwa kumwomba ruhusa. Namba inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Pazi hakungoja. Tulimlaza Julieth kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa muuguzi, wakaondoka. Nami niliposikia kwa vijana kwamba kaka yangu ameonekana akielekea kituoni, nikamfuata.

Nilimkuta anakata simu, uso umetulia kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Tayari," aliniambia. "Nimetoa taarifa ya wizi, na kampuni wameshalifunga. Lina kifaa, wanaliona kutoka Ndola. Likisimama tu, haliwaki tena. Mwizi huyo hafiki mbali."

Nikamshika mkono.

"Masolwa, Julieth yumo ndani ya gari hilo."

Nikamweleza haraka haraka: utani, damu, Pazi, Sikonge. Koplo Yoramu, aliyekuwa ameandika taarifa ile, aliweka kalamu chini. Masolwa alifungua mdomo, na kabla hajasema kitu simu yangu iliita. Alikuwa Pazi.

"Gari limekufa," alisema. "Tuko porini, nusu ya njia. Muuguzi aliomba nisimame amgeuze mgonjwa ubavu, sasa haliwaki."

"Anaendeleaje?"

"Damu imejaa kitini. Tukimwita anachelewa kuitika."

"Simamisha gari lolote, mzee."

"Limepita lori la mbao, halikusimama. Fanyeni kitu huko, mwanangu."

Masolwa alipiga Ndola, akaweka simu mezani tusikie sote. Mwanamke aliyepokea aliongea Kiingereza cha taratibu, cha upole, na mimi niliuchukia upole ule. Alisema gari likishaandikwa limeibwa, haliwashwi kwa ombi tu. Njia ni mbili. Ya kwanza, polisi athibitishe kwamba mwizi ameshikwa na gari liko salama mikononi mwake. Ya pili, mwenye mkataba akanushe wizi na kukiri kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa dereva ufunguo.

"Bima itakuwaje?" Masolwa aliuliza.

"Kwa njia ya kwanza inabaki. Kwa njia ya pili dereva hayumo kwenye mkataba, kwa hiyo kuanzia sasa kila kitakachotokea ni juu yako."

Masolwa alimgeukia koplo. Macho yalikuwa yanamwomba.

"Siwezi kuthibitisha mtu ambaye sijamwona," Yoramu alisema. "Nikitaka kumshika nitafute pikipiki, nimfuate huko porini, nimtie pingu, ndipo niwapigie. Na Mzee Pazi atalala ndani kwa wizi wa gari. Dada yako atangoja hayo yote?"

Jasho lilimtoka Masolwa kwenye paji la uso likaingia machoni, asilifute. Aliniangalia kama mtu anayetaka nimsemee. Sikumsemea. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma, yote kwa pamoja, maana niliiona ile nyumba yake ikipita machoni pake, ukuta kwa ukuta. Kwenye simu yangu, ambayo sikuwa nimeikata, tulimsikia muuguzi akisema, "Julieth, mama, usilale. Nitazame mimi. Usilale."

Masolwa aliinamia simu ya mezani.

"Hakuna wizi," alisema. "Ufunguo nilimpa mimi."

"Unajua mazungumzo haya yanarekodiwa?"

"Najua. Washa gari."

Tulingoja. Pazi tulimsikia akijaribu, mlio mkavu, tena mlio mkavu. Kisha injini ikanguruma, mlango ukabamizwa, na simu ikakatika.

"Kwa hiyo taarifa uliyoniletea ilikuwa ya uongo," Yoramu alisema.

"Nikishamzika baba nitakuja uniweke ndani, afande."

"Kwanza mfuateni mgonjwa," koplo alisema.

Tulibanana wawili nyuma ya bodaboda hadi Sikonge. Karibu na mji tulikuta ng'ombe amelala kando ya lami, amekufa, na vipande vya taa vimetapakaa barabarani. Masolwa alikuwa nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake imesimama. Gari halikuwepo. Kama halikuwepo, basi lilikuwa limeendelea, na hilo ndilo nililolishikilia njia yote iliyobaki.

Lilikuwa mbele ya mlango wa hospitali. Boneti imejikunja, taa moja haipo, mlango wa nyuma umeachwa wazi, kiti kimekuwa chekundu kwa damu. Pazi alikuwa amekaa chini ukutani, bado na lile koti la marehemu, damu hadi viwiko.

"Yuko wapi?" Masolwa aliuliza.

"Wamemwingiza. Ng'ombe alitokea kichakani, baba. Ningefunga breki kwa nguvu ningemtupa chini dada yako. Nimelivunja gari lako."

Sijawahi kumsikia Pazi akisema maneno mengi hivyo bila kumdhihaki Mnyamwezi. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko damu.

Tulikaa. Walikuja kuomba damu, Masolwa akaenda akatoa, akarudi akakaa. Hatimaye muuguzi wetu alitoka, amejiegemeza mlangoni kwa uchovu.

"Mtoto ni wa kike, analia vizuri," alisema. "Mama amefumbua macho."

Masolwa hakuwa amelia tangu afike, hata alipomwona baba yake ndani ya jeneza. Hapo aliegemea ukuta akalia kwa sauti, watu wakageuka. Alipomaliza alilizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya boneti iliyojikunja. Alijua alichokuwa anakishika. Nami nilijua.

Pazi aliinuka, akamnyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

"Chukua. Mimi nitakwenda kwa koplo mwenyewe, niseme niliiba. Na wewe waambie ulisema vile ili kumwokoa dada yako. Bima italipa, nyumba yako itabaki. Mimi ni mzee, jela haitanikuta na mengi."

Ningekuwa mwongo nikisema sikulifikiria. Masolwa naye alilifikiria, niliona. Aliuchukua ufunguo, akaugeuzageuza mkononi, kichwa chini. Kisha akaushika mkono wa Pazi, akauweka ufunguo kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Kule nilidanganya," alisema. "Sasa ndiyo nakupa. Tupeleke Ipole, baba hajazikwa."

Akazunguka, akavuta mlango wa abiria ambao haukufunguka kirahisi, akakaa.

"Mnyamwezi mjinga wewe," Pazi alisema, machozi yanamtiririka, akaingia nyuma ya usukani.