Kishikwambi cha Kusemea

Sadallah alikuwa mtu wa maneno. Duka lake la vitenge, karibu na stendi ya Babati, lilikuwa na watu waliokuja kununua na wengine waliokuja kumsikiliza tu. Alikupimia kitambaa huku akikusimulia harusi ya Singe iliyovurugwa na mbuzi, na wakati mwingine uliondoka umecheka mpaka ukasahau mzigo wako mezani.

Kwa hiyo daktari wa Moshi alipomwambia kwamba uvimbe wa kooni uliokuwa ukimkwaruza sauti ni saratani, na kwamba kisanduku cha sauti kitaondolewa chote, Sadallah aliuliza jambo moja tu.

"Nitaongea tena lini?"

"Kwa sauti yako mwenyewe, hapana, mzee wangu."

Mkewe Amira alikuwa amekaa pembeni yake. Alimshika mkono wa kanzu, akaukunja na kuukunjua.

Aliyefikiria habari ya kishikwambi, mzee aandike badala ya kusema, alikuwa binti yao Sabaha, mwalimu wa sekondari Arusha. Simu baba yake hakuiweza. Vidole vyake vinene vilibonyeza herufi mbili kwa pamoja, na mwanga wa kioo ulimtoa machozi. Sabaha akampigia Venance, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la baba yake, amwagizie kutoka Dar vishikwambi vya namna nyingine, vile vya kuandikia kwa kalamu. Vikaja viwili, ili mzee achague mwenyewe.

Jumamosi Sabaha akaja kutoka Arusha, wakaenda wote watatu kwa fundi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," alisema Venance, akavipanga juu ya meza. "Hivi si kama simu. Kioo hakiwaki. Maandishi yanakaa kama wino kwenye karatasi, hata ukitoka juani unasoma. Vitabu unaweka humohumo, na herufi unazikuza unavyotaka."

Kidogo kilikuwa chepesi na kilikuwa na taa yake ya kusomea gizani. Kikubwa kilikuwa sawa na karatasi nzima ya mtihani, na mkononi kilikuwa na uzito. Sadallah alijaribu kidogo kwanza. Mwandiko wake ulikuwa mpana kama yeye mwenyewe, na maneno manne tu yakajaza kioo.

"Jaribu hicho kikubwa, Baba," alisema Sabaha. "Ila usiongee. Jaribu kama itakavyokuwa."

Sadallah alitabasamu. Akaandika, akamgeuzia mkewe: *Mama Sabaha, tuchukue kikubwa au kidogo?*

Amira akakitazama kioo, naye akatabasamu. "Ndiyo," alisema.

Venance akacheka kidogo, akidhani ni utani. Sadallah akafuta, akaandika tena kwa herufi kubwa zaidi: *Kikubwa au kidogo?*

Amira akaanza kupekua mkoba wake. "Miwani nimeiacha nyumbani," alisema.

Miwani ilikuwa imening'inia kifuani pake kwa kamba yake. Sabaha aliinamisha kichwa. Yeye alijua tangu zamani. Mama yake hakuwahi kumtumia ujumbe wa kuandika hata mmoja, siku zote ni wa sauti.

Sadallah aliweka kalamu chini. "Kikubwa," alisema kwa ile sauti yake iliyokwaruza. "Funga hicho kikubwa, mwanangu. Tunaondoka nacho."

Nyumbani kwao Bagara, Sabaha aliingia jikoni akawaacha barazani.

"Amira," alisema Sadallah. "Miaka yote hii?"

"Baba alinipeleka chuoni nisome Kurani. Shule hakunipeleka," alijibu Amira. "Watu waliponisikia nasoma msahafu walidhani najua kusoma kila kitu. Na wewe ulidhani hivyo hivyo. Nikaona haya kukusahihisha. Baadaye ikawa hakuna haja. Gazeti ulikuwa unasoma kwa sauti. Barua zikija unasoma kwa sauti. Ulikuwa unaniambia kila kitu." Hapo akaanza kulia. "Sasa utakuwa unawaandikia watu wengine. Mimi utaniambia nini?"

Sadallah alikivuta kishikwambi mapajani. Kisha akakumbuka jinsi babu yake, mtu wa Pangani aliyehamia huku na biashara ya nguo, alivyokuwa akiandika majina ya wateja wake kwa herufi za Kiarabu. Akashika kalamu, akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, maana mkono ulikuwa umesahau.

Amira alifuta macho. Akatazama. "Alifu," alisema. "Mimu... A... mi... ra." Akanyanyua uso. "Ni mimi."

Siku zilizobaki kabla ya upasuaji walikaa hapo barazani wakijifunza. Sauti nyingine za Kiswahili hazikuwa na herufi zake katika Kiarabu, wakatunga zao. Walibishana namna ya kuandika *ng'ombe* mpaka Sadallah akacheka, na kicheko kikamgeuka kikohozi.

Amira alitaka kumrekodi kwenye simu. Alikataa.

"Unirekodi nikikoroma kama chura? Kumbuka ile sauti ya zamani."

Amira hakumlazimisha. Baadaye alijuta sana kwamba hakumlazimisha.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sadallah alirudi dukani na tundu shingoni, amelifunika kwa kitambaa cheupe, na kishikwambi mkononi. Kwa wateja aliandika herufi za kawaida, lakini watu walisoma haraka, wakaitikia kwa kichwa na kuondoka. Walimwonea huruma, na huruma iliwafanya wasikae. Akajaribu kumwandikia Amira hadithi zake ili yeye azisome kwa sauti. Amira alisoma herufi kwa herufi, akirudia rudia, na alipofika penye kuchekesha mteja alikuwa tayari mlangoni. Wale waliokuja kusikiliza wakapungua, kisha wakaacha kuja.

Sadallah akaanza kuandika kidogo. *Maji. Dirisha. Nimechoka.* Siku nzima ikapita na maneno matatu.

"Andika," Amira alimwambia siku moja dukani pakiwa hapana mtu. "Andika hata uongo. Nisimulie ile ya harusi ya Singe."

Alitikisa kichwa. Amira akamwekea kalamu mkononi, akavifunga vidole vyake juu yake.

Iliwachukua alasiri nzima. Sadallah aliandika ukurasa, Amira akausoma, akamrudishia, akaandika mwingine. Mbuzi alipofika kwenye meza ya bibi harusi, Amira alicheka mpaka akajishika ubavu. Sadallah naye alicheka, mabega yakimtikisika, mdomo wazi, bila sauti yoyote isipokuwa pumzi iliyotoka shingoni. Amira alipoisikia hiyo pumzi akanyamaza. Wakatazamana. Sadallah akajifuta macho na pembe ya kitenge kilichokuwa mezani.

Ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Mvua za masika zilipoanza hakuwa akienda tena dukani, na mwandiko wake ulikuwa umeporomoka, nukta za herufi zikianguka mbali na mahali pake. Amira alizizoea. Alisoma hata zile ambazo mwenyewe hakuzimalizia.

Alifariki asubuhi moja ya mvua, Amira akiwa amemshika mkono.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokuwa wamepungua, Sabaha alikikuta kishikwambi chini ya mto. Chaji ilikuwa imekwisha, lakini vioo vya namna ile havipotezi kilichoandikwa mwisho. Mistari miwili ilikuwa bado pale, herufi za Kiarabu zilizotetemeka. Alijaribu kuisoma ikamshinda. Akampelekea mama yake.

"Mama, Baba kaacha maneno."

Amira alikipokea kwa mikono miwili. Hakusoma kwa kurudia rudia. Alisoma mara moja, kimya, kama mtu anayesikiliza.

"Kasemaje?" aliuliza Sabaha.

"Anasema chai ya leo haina tangawizi."

Sabaha akasubiri. "Basi? Hakuna lingine?"

"Hakuna lingine." Amira alipitisha kidole juu ya kioo, kutoka kulia kwenda kushoto. "Na alisema kweli. Tangawizi ilikuwa imekwisha, na mimi sikutaka kumwacha peke yake niende sokoni."