Wimbo wa Ellinor Kutimiza Sabini

Hapa kwetu Odense, Denmark, mtu akitimiza miaka sabini lazima aimbiwe. Wageni wanagawiwa karatasi zenye beti mpya za kumtania mwenye sherehe, wanaziimba kwa mahadhi ya wimbo ambao kila mtu anaujua. Sasa beti hizo haziandikwi na malaika. Naziandika mimi, Dorrit, kwa kroner mia nane, na jina langu siweki.

Siweki kwa sababu ya Ellinor. Ellinor ni mshairi wa kweli, wa vitabu na tuzo, na kila Alhamisi nakunywa kahawa kwake nikimsomea riwaya yangu. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuniita mwandishi. Gazeti lililokuwa likinunua makala zangu lilipofungwa, kodi ya nyumba ikanikaba koo, nikaanza kuuza beti kwa siri. Akijua, nilijiambia, ataniona kasuku wa harusini, na Alhamisi zetu ndiyo basi tena.

Si akanipigia simu dada yake, Jytte! Namba aliitoa kwenye tangazo langu lisilo na jina, hakujua anaongea na nani.

"Dada yangu anafikisha sabini," alisema. "Nataka wimbo watu wavunjike mbavu."

Ningekataa, lakini mwenye nyumba alikuwa amenipa mpaka Ijumaa.

Nilikusudia kuandika maneno ya juujuu tu. Wapi! Nikinogewa sishikiki. Nikaandika jinsi Ellinor anavyojifungia chooni siku magazeti yanapohakiki kitabu chake, rafiki akimsomea kupitia tundu la ufunguo, akiruka kila neno baya.

Siku ya sherehe tukala samaki wa siki, karatasi zikagawiwa, tukaimba. Tulipofika ubeti wa chooni, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikaacha kuimba. Mungu wangu! Hilo la chooni tulilijua wawili tu, mimi na yeye.

Ellinor akageuza shingo polepole.

"Dorrit wee! Hebu njoo hapa."

Nikaenda. "Nisamehe, shoga yangu. Ni kodi tu, nilibanwa..."

"Kodi gani? Miaka yote hii unanisomea ile riwaya yako, nabana miayo mpaka taya zinauma. Kumbe una maneno kama haya ndani yako, unanificha!"

"Miayo?"

"Miayo, ndiyo! Leo nimecheka mpaka nimelia. Watu wote hawa wameimba maneno yako. Ya kwangu nani amewahi kuyaimba? Hata Jytte hayasomi."

"Nayasoma!" Jytte akaruka, kisha akainamia sahani yake.

Ile ya miayo iliniuma, sikufichi, iliniuma sana. Lakini nilimtazama Ellinor usoni nikaona wivu, wivu mtupu wa mwandishi kwa mwandishi mwenzake. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Mama mmoja wa meza ya jirani akaniuliza bei ya wimbo wa harusi ya mwanawe. Kabla sijafungua mdomo, Ellinor akadakia.

"Elfu mbili. Na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa."

Kisha akadai ubeti wa chooni urudiwe, akauanzisha mwenyewe kwa sauti mbovu ajabu, mkono wake begani kwangu.