Koili ya Wifi

Mimi ni fundi cherehani, na kitu kikikaa ovyo mbele yangu mikono huniwasha. Kola ikipinda, naifumua. Mteja akiondoka na uzi unaning'inia kwenye pindo, namfuata na mkasi hadi nje. Kaka yangu husema nikifa nitainyoosha sanda mwenyewe kabla sijalazwa ndani yake.

Mke wa huyo kaka, yaani wifi yangu, alilijua hilo vizuri siku aliyohamishia masomo yake kwenye chumba changu cha kushonea. Hakuwa na jinsi. Nyumba yetu ina meza moja tu isiyoyumba, nayo ni yangu ya kukatia vitambaa, na mtandao unashika pale dirishani tu. Aliingia na kompyuta yake ya mitumba, akaiweka kando ya pasi.

"Wifi, hebu nisogezee hayo matambara yako. Nataka kusoma umeme."

"Umeme nao unasomwa? Mimi ninachojua unakatika tu."

"Ndiyo maana wewe unashona na mimi nasoma."

Tumezoeana hivyo. Siku tukizungumza kwa adabu, watu wa nyumbani hudhani tumegombana.

Wifi alikuwa anafanya kazi hospitali, kwenye chumba cha eksirei, lakini yeye ni wa mlangoni. Kazi yake kuita wagonjwa, kuwavalisha yale magauni ya kufungwa mgongoni, kuwakumbusha wavue hereni. Picha zenyewe walipiga wengine, wakiwa nyuma ya kioo kinene, na kwa miaka yote hiyo roho yake ilikuwa kule nyuma ya kioo. Hatimaye chuo kimoja kikamkubali, kwa sharti kwamba kwanza afaulu kozi ya fizikia ya chuo kikuu inayofundishwa mtandaoni: umeme, sumaku na mwanga. Akianguka, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Nilimtania sana, lakini wiki ile ile nilitoa kitambaa cheupe nilichokuwa nimekiweka akiba nikamkatia koti la kazi. Nikalishona lote, mifuko na kola, nikalitundika nyuma ya mlango.

"Mbona halina vifungo?" akauliza.

"Vifungo ni vya waliofaulu."

Akanibetulia mdomo. Lakini tangu siku hiyo kila alipotoka aligusa mkono wa lile koti, na mimi nilijifanya sioni.

Basi masomo yakaanza, na mimi nikawa nasoma bila kuandikishwa. Mwalimu wao sikuwahi kumwona uso, ila sauti yake niliijua kuliko ya jirani. Kila sentensi aliianza kwa "kwa hiyo", hata ya kwanza kabisa, kabla hajasema lolote. Nikambatiza Mwalimu Kwa Hiyo. Jina likashika hadi kwa kaka, ambaye akirudi kazini anachungulia mlangoni na kuuliza, "Kwa hiyo, chakula kipo?"

Sikuelewa yote, nisiwadanganye. Hesabu zilipoanza nilikanyaga cherehani kwa nguvu nisizisikie. Lakini kuna mchana mmoja wifi alinivua miwani yangu ya kusomea bila hata kuniomba, akasimama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha, akawa anaisogeza mbele na nyuma. Mara barabara yote ikaingia ukutani kwangu. Ilikuwa ndogo, yenye rangi zake zote, na imepinduka kichwa chini. Muuza maji akapita na mkokoteni, magurudumu juu, madumu chini, wala hakuna kilichomwagika. Nilicheka hadi nikakaa chini.

"Mwanga wa juu unapindishwa chini, wa chini unapanda juu," wifi akasema. "Lenzi ndiyo inafanya hivyo. Umeivaa usoni miaka yote na hujui inafanya nini."

"Kwani wewe unajua ini lako linafanya nini?"

Mchana ule nilikuwa na furaha, basi tu. Nilimwangalia akiwa ameshika miwani yangu kama mtu aliyeshika yai, nikaona kwamba huyu mtu akikosa hiyo nafasi nitaumia kuliko yeye.

Kozi ikafika mwisho. Lililobaki lilikuwa jaribio la vitendo: kila mwanafunzi atengeneze sumaku ya umeme kwa vitu vya nyumbani, aiwashe mbele ya kamera mwalimu akitazama, aeleze inavyofanya kazi. Wifi alitafuta bolti nene na waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi ya kuzuia umeme usivuke, akauzungushia kwenye bolti, akakwangua ncha na kuziunganisha na betri. Akaishusha juu ya kopo langu la pini, na pini kadhaa zikanasa. Akaruka ruka kama mtoto.

Mimi nikatazama ile koili, ndivyo alivyouita huo mzingo wa waya. Jamani. Waya umepanda juu ya waya, huku umelegea, huku umerundikana, ncha moja imetokea juu na nyingine chini. Kitu kama hicho ndicho mwalimu wa chuo kikuu akione kimetoka kwenye chumba changu?

"Inafanya kazi," wifi akasema, maana alishaniona macho. "Usiiguse."

Sikuigusa siku ile. Niliigusa kesho yake, siku yenyewe ya jaribio, yeye akiwa kazini. Nikaufumua waya wote, nikaunyoosha kwa vidole. Nikafanya kama ninavyofanya kila siku ya Mungu ninaposhona kifungo. Kifungo hakishonwi kwa uzi mmoja, kitadondoka. Unachukua uzi mrefu, unaukunja katikati, unashona nao ukiwa maradufu. Basi nikaukunja waya katikati, nikaanzia kule kwenye kunjo, nikauzungushia bolti huku nyaya mbili zimelala sambamba, mstari kwa mstari, hadi ncha zote mbili zikatokea pamoja mahali pamoja. Ilipendeza ungedhani imetoka dukani. Nikaifuta kwa kitambaa na kuiweka mezani.

Wifi alirudi akihema, sare ya hospitali bado mwilini, dakika zimemwishia njiani. Akaiona koili, akafungua mdomo kunigombeza, lakini kompyuta ikaita.

"Kwa hiyo, dada, uko tayari?"

"Niko tayari, Mwalimu."

Akaunganisha betri. Akaishusha koili juu ya pini. Hakuna kilichonasa. Akaigusisha kabisa, akaipekecha ndani ya kopo, hata pini moja haikushika. Waya ulikuwa unapata moto, maana niliona anahamisha vidole. Umeme ulikuwepo. Sumaku ndiyo haikuwepo.

Sikujua nimekosea wapi, ila nilijua ni mimi. Nikarudi nyuma taratibu hadi mgongo ukagusa lile koti mlangoni, na hapo nikatamani kuingia ndani yake nijifungie, kama lingekuwa na vifungo.

"Kwa hiyo, sumaku iko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Naomba dakika moja."

Wifi hakunitazama. Nilidhani atalia, au atanitaja. Badala yake akaisogeza koili karibu na uso, akaweka ukucha kwenye ncha moja ya waya, akaufuata mzunguko kwa mzunguko, polepole, hadi kule mwisho kwenye kunjo. Ukucha ukageuka, ukaanza kurudi. Akausimamisha hapo. Halafu akaangua kicheko.

"Mwalimu, nimeiona! Waya umekunjwa mara mbili. Umeme unaenda na waya huu, unafika hapa, unarudi na huu wa pembeni yake. Kila mzunguko wa kwenda una wa kurudi. Wa kwenda unatengeneza sumaku, wa kurudi unatengeneza nyingine inayoelekea kinyume, ya nguvu ile ile. Zinafutana."

"Kwa hiyo, utafanyaje?"

Akageuka kwangu, mkono kaunyoosha. "Wifi, mkasi."

Nilimpa, lakini alipoliweka lile kunjo katikati ya makali nilifumba macho. Kazi yangu ile! Mkasi ukalia, kacha! Amekata.

"Sasa kwangua vanishi kwenye hizi ncha mbili. Wembe ni wako."

Nikachukua wembe wangu wa kufumulia, nikakwangua hadi shaba ikang'aa. Kisha nikarudi haraka nyuma ya lile koti. Wifi akazikusanya ncha mbili za huku, akaziunganisha na upande mmoja wa betri, na mbili za kule akazipeleka upande wa pili. "Sasa nyaya zote mbili zinakwenda njia moja," akamwambia Mwalimu, akaishusha koili.

Pini ziliruka. Zilipanda juu ya bolti, nyingine zikashika mikia ya wenzao, hadi kopo likabaki na chache za kuhesabika. Wifi akainua lile fundo la pini mbele ya kamera.

"Wenzako wameniletea sumaku zilizofanya kazi," Mwalimu akasema, akaisahau hata "kwa hiyo" yake. "Wewe umenieleza kwanza kwa nini yako imekataa. Nani aliizungusha? Imenyooka kweli."

"Wifi yangu. Fundi cherehani. Amejificha nyuma ya koti."

"Kwa hiyo, mwambie atoke. Umefaulu."

Nilitoka. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, na maneno nilishayapanga, lakini wifi alinikumbatia kabla sijayasema, pini zikamwagika sakafuni zote, na wote wawili tukalia kama wendawazimu. Kaka akachungulia mlangoni. Safari hii hakuuliza habari ya chakula.

Tulipomaliza kuokota pini, wifi alikwenda kulitungua lile koti. Akalivaa juu ya sare, akasimama mbele yangu wazi kifuani, akakunjua kiganja. Ndani yake kulikuwa na vifungo vyeupe. Kumbe alishavinunua mwenyewe, siku nyingi, akavificha.

Nikachukua uzi mrefu na sindano. Nikasita, uzi umening'inia mkononi, maana kwa mara ya kwanza tangu nijue kushona niliogopa kuukunja.

"Kunja, wifi," akasema. "Vifungo vyangu nataka vya uzi maradufu."